Vitamini D imepunguza damu kwenye fizi zangu. Je, bado nahitaji kusafishwa?

*"Shikamoo daktari. Nina miaka 47. Miezi miwili iliyopita daktari wa meno alinipima fizi akasema nina ugonjwa wa fizi uliofika kwenye mfupa. Sehemu nyingi alisoma milimita 5, meno ya nyuma 6, na mahali pamoja 7. Akanipangia kusafishwa chini ya fizi kwa ganzi, siku mbili tofauti. Wakati nasubiri nikasoma kwamba vitamini D ilijaribiwa maabara kwenye seli za fizi zilizowekewa bakteria wa ugonjwa huu, na seli zikatulia. Nikaanza kumeza IU 10,000 kila siku. Sasa ni wiki ya sita na damu wakati wa kupiga mswaki karibu imekwisha. Kinachonichanganya ni kwamba ndugu yangu anasema vitamini D inapandisha kinga, makala niliyosoma inasema inaituliza. Ipi ni kweli? Na je, naweza kuahirisha kusafishwa nione vidonge vitanifikisha wapi? Natumia kidonge cha presha cha haidroklorothiazidi, navuta sigara tano au sita kwa siku, sina ugonjwa mwingine ninaoujua."*

Marahaba. Naanza na jambo ambalo hukuliuliza, maana ndilo lenye haraka: dozi yako ya vitamini D na kidonge chako cha presha havipatani. Haidroklorothiazidi hupunguza kalsiamu inayotoka na mkojo. Vitamini D nayo huongeza kalsiamu inayofyonzwa utumboni, na ikizidi huichota hata kwenye mifupa. Viwili hivyo vikikutana, kalsiamu ya damu inaweza kupanda na mwanzoni usihisi kitu. Taasisi za lishe za Marekani na Ulaya zimeweka IU 4,000 kuwa kikomo cha juu cha mtu mzima kumeza kwa siku bila kusimamiwa na daktari. Wewe unameza mara mbili na nusu ya hapo.

Kwa hiyo simamisha vidonge vya vitamini D leo. Kile cha presha usikiguse. Wiki hii kapime damu: kalsiamu, figo, na kiwango cha vitamini D chenyewe, ambacho kwenye karatasi ya majibu huandikwa 25(OH)D. Usishangae kiwango hicho kikichelewa kushuka, kwa sababu vitamini hii hukaa mwilini kwa majuma kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Lakini kama una kiu isiyoisha, unakojoa sana, choo kimefunga, unasikia kichefuchefu, misuli imelegea, au watu wa nyumbani wanasema umekuwa kama mtu aliyechanganyikiwa, usingoje wiki iishe. Nenda leo hii.

Tuje kwenye fizi. Makala uliyosoma haikukudanganya kuhusu yaliyoonekana maabara. Tatizo ni umbali uliopo kati ya seli kwenye kisahani cha maabara na mfuko wa milimita 7 kinywani mwako, yaani ufa wenye kina hicho kati ya jino na ufizi, na umbali huo ndio nitakaokueleza, kwa sababu ukiuelewa utajua mwenyewe la kufanya na miadi yako.

Wengi hudhani bakteria ndio wanaoutafuna mfupa wa taya. Wangekuwa wao, mambo yangekuwa rahisi: tungewaua, tukamaliza kazi. Kinachotokea ni hiki. Kati ya jino na ufizi pana kijifereji ambacho kwa mtu mzima wa afya kina kina cha milimita 1 hadi 3. Ukoga ukikaa humo bila kuondolewa, bakteria hujipanga kwa tabaka na kutengeneza utando mzito wenye ute wa kuwakinga. Seli zinazotandika ukuta wa ufizi zina vipokezi vya kunusa vipande vya bakteria. Vinavyojulikana zaidi kwa kazi hii huitwa TLR2 na TLR4. Kipokezi kikishika kipande cha ganda la bakteria, ndani ya seli huamka protini iitwayo NF-κB, inaingia kwenye kiini na kuwasha jeni za vita. Seli inaanza kumwaga saitokini, yaani vijumbe vya kemikali: interlukini-8 ya kuita seli nyeupe, interlukini-6 na interlukini-1 za kuchochea uvimbe, na vingine vingi.

Seli nyeupe zinazofika kwanza, neutrofili, huja na vimeng'enya vya kuvunjavunja adui. Kimojawapo ni MMP-8, ambacho kazi yake ni kukata kolajeni. Kolajeni hiyo hiyo ndiyo kamba inayoushikilia ufizi na jino. Uvimbe ukidumu, seli za eneo hilo hutoa kwa wingi protini iitwayo RANKL, na RANKL ndiyo inayokomaza osteoklasti, seli zenye kazi ya kumeng'enya mfupa. Mfupa unaoondoka, basi, unaondolewa na seli zako mwenyewe, zikiitikia uchokozi usiokoma. Bakteria ni mchokozi, na jeshi lako ndilo linalobomoa nyumba likimtafuta.

Hapo ndipo maneno "kupandisha kinga" yanapokosa maana katika ugonjwa huu. Ukiipandisha kinga ya fizi zako kwa upofu, huenda ukaongeza ubomoaji. Ukiizima kwa upofu, unawaachia bakteria uwanja. Mtu anayekuuzia chochote kwa maneno hayo mawili, muulize ni tawi lipi la kinga na kwenye tishu ipi. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Sasa kuhusu bakteria mwenyewe. Anayetumiwa zaidi katika majaribio kama uliyosoma ni *Porphyromonas gingivalis*, asiyependa oksijeni, mkaazi wa mifuko yenye kina. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walimweka pamoja na *Tannerella forsythia* na *Treponema denticola* katika kundi walilolipa jina la rangi nyekundu, kwa sababu watatu hao huonekana pamoja pale ugonjwa ulipokomaa. Ila ukimhesabu, mara nyingi *P. gingivalis* ni wachache mno. Mwaka 2011 jaribio la panya lilionyesha kwamba idadi ndogo tu yake inatosha kuvuruga jamii nzima ya bakteria wa kinywani mpaka mfupa ukaanza kuliwa. Panya waliolelewa bila bakteria wowote, wakapewa yeye peke yake, hawakupoteza mfupa. Ana nguvu ya kuchafua mji, hana nguvu ya kuubomoa akiwa peke yake.

Silaha yake kuu ni vimeng'enya viitwavyo jinjipaini, vinavyokata protini za binadamu kama mkasi. Kwa vimeng'enya hivyo hupata chakula, maana yeye hali sukari. Anakula vipande vya protini, na chuma anakitoa kwenye damu. Fikiria hilo kidogo. Uvimbe unaleta majimaji yenye protini na damu ndani ya mfuko, na majimaji hayo ndiyo karamu yake. Kumbe uvimbe unamlisha yule yule unaojaribu kumfukuza! Ndiyo sababu watafiti makini hawacheki wanaposikia habari ya kutuliza uvimbe wa fizi. Ukiupunguza, huenda ukamkatia chakula. Wazo lenyewe ni zuri, ila linahitaji kupimwa kwa watu.

Vitamini D inaingiaje? Ile unayoimeza haifanyi kazi hivyo hivyo ilivyo. Ini huigeuza kuwa 25(OH)D, umbo la akiba linalozunguka kwenye damu. Figo huigeuza tena kuwa umbo lenye nguvu, ambalo kwenye maandishi ya kisayansi huandikwa 1,25(OH)₂D. Miaka mingi tulidhani kazi hiyo ya pili ni ya figo karibu peke yake. Baadaye ikajulikana kuwa seli nyingi hufanya ugeuzaji huo papo hapo kwa matumizi yake, zikiwemo seli za kinga na seli za fizi. Umbo lenye nguvu hushikana na kipokezi chake ndani ya seli, kipokezi kinakaa juu ya jeni, na jeni nyingine huwashwa, nyingine huzimwa.

Hapo ndugu yako na makala yako wote wako sawa, kila mmoja ameshika upande wake. Kati ya jeni zinazowashwa imo ile ya LL-37, kipande kidogo cha protini kinachotoboa ganda la bakteria. Mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba makrofaji za binadamu, seli nyeupe zinazomeza vijidudu, zikinusa bakteria wa kifua kikuu huongeza kipokezi cha vitamini D, hugeuza akiba kuwa umbo lenye nguvu, kisha hutoa LL-37. Na penye upungufu wa vitamini D kazi hiyo hudorora. Huo ndio upande wa kupandisha. Upande wa kutuliza ni kwamba vitamini hiyo hiyo huibana NF-κB, hupunguza vipokezi vya TLR kwenye baadhi ya seli nyeupe, na kuzisukuma seli nyeupe ziitwazo T zielekee kwenye kundi la wasimamizi kuliko la wapiganaji. Kwa lugha ya mtaani, inaongeza risasi za askari wa mlangoni na kupunguza makelele ya kambi. Kwa fizi, mchanganyiko huo unavutia kweli.

Umuhimu wa LL-37 kinywani tunaujua hata bila maabara. Kuna watoto wanaozaliwa na ugonjwa uitwao Kostmann, ambao neutrofili zao ni chache sana. Dawa ikiziongeza, idadi hupanda, lakini wengi wao huendelea kuugua fizi vibaya, na zilipochunguzwa neutrofili hizo zilikutwa hazina LL-37. Kwa hiyo kulihesabu jeshi hakutoshi.

Nikueleze jaribio lenyewe lilivyo, kwa sababu nadhani halikuelezwa ulikosoma. Mtu mwenye fizi nzima anang'olewa jino, tuseme la mwisho lililokosa nafasi. Kabla halijakauka, mtafiti anakwangua kwa kisu sehemu ya katikati ya mzizi, anapata vijinyama vyembamba vya ile ligamenti inayoliunganisha jino na mfupa. Anaviweka kwenye kisahani chenye maji ya lishe, katika kabati la nyuzi joto 37, mpaka seli zitambae na kujaa sakafu ya kisahani. Kisha visahani vinagawanywa: vingine vinapewa vitamini D, vingine havipewi. Halafu vyote vinawekewa *P. gingivalis* walio hai au waliouawa kwa joto, ama kipande cha ganda lake tu. Baada ya saa kadhaa, kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili, maji ya kisahani yanapimwa saitokini. Maabara zaidi ya moja zimeripoti kwamba seli zilizopata vitamini D zilitoa interlukini-6 na interlukini-8 kidogo kuliko wenzao. Hayo ndiyo "kutulia" uliyoyasoma.

Sasa tazama kisichokuwemo kwenye kisahani. Hamna utando wa ukoga wenye tabaka. Wamo bakteria wanaoelea, na mara nyingi wa aina moja. Hamna ukoga ulioganda kuwa jiwe kwenye mzizi. Hamna neutrofili, wala mshipa wa damu, wala mfupa. Na vitamini yenyewe, katika umbo lake lenye nguvu, mara nyingi huwekwa kwa kiwango kinachozidi kile cha kwenye damu ya mtu kwa mara mia na kupita. Kwa kumtendea haki mtafiti, seli za fizi huitengeneza papo hapo, hivyo kiwango cha ndani ya tishu kinaweza kuwa juu kuliko cha damu. Lakini kumeza vidonge vingi hakukuhakikishii kwamba seli ya ufizi wako itaoga katika kiwango cha kisahani. Mwili unaibana hatua hiyo kwa makusudi, na ukiulazimisha, kinachovunjika mapema ni udhibiti wa kalsiamu.

Kuna jambo jingine ambalo makala za aina hiyo hulipita mbio, nami naliona zito kuliko yote. Interlukini-8 ikipungua, tunashangilia kwa sababu uvimbe unapungua. Lakini *P. gingivalis* mwenyewe hufanya hivyo hivyo! Ana kimeng'enya anachokiingiza ndani ya seli za ukuta wa ufizi, kinachoizuia NF-κB isifike kwenye jeni ya interlukini-8. Ukuta unanyamaza, neutrofili hazipati mwito, naye anapata muda wa kutulia na kuwatengenezea nafasi wenzake. Kunyamazishwa huko kwa ukuta kumejulikana tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na kazi ya kimeng'enya hicho ikajulikana baadaye. Basi ukionyeshwa mchoro wa interlukini-8 iliyoshuka, huwezi kusema kwa kuutazama tu kama ni habari njema au ni kazi ya adui. Inategemea imeshuka kwenye seli gani, wakati gani wa ugonjwa, na kama bakteria wameondolewa au bado wamejaa. Kipimo kimoja kwenye kisahani hakiwezi kukuambia hayo yote.

Na LL-37 tuliyoisifu? Jinjipaini huikata vipande. Ndani ya mfuko uliojaa bakteria hawa, risasi unazoziongeza huenda zikavunjwa kabla hazijafyatuliwa. Hali hubadilika bakteria wakipungua, na wanapungua kwa kukwanguliwa, yaani kule kusafishwa chini ya fizi ulikopangiwa.

Utaniuliza: mbona damu imepungua? Nina sababu tatu za kukupa, na vitamini D huenda ni mojawapo, siikatai. Ya pili ni mswaki. Mtu akishaambiwa mfupa wake unaondoka hupiga mswaki kwa bidii mpya, hata asipojua. Uvimbe wa juu ya ufizi hupungua ndani ya majuma mawili au matatu ya usafi mzuri, na damu ya kwenye mswaki hutoka hapo juu. Ila bristo za mswaki hazifiki milimita 6 chini. Mfuko unaweza kuwa umetulia mdomoni mwake na unachemka kwenye sakafu yake.

Ya tatu ni sigara. Wavutaji hutoka damu kidogo kuliko wasiovuta hata ugonjwa ukilingana au ukiwa mbaya zaidi kwao, kwa kuwa moshi unabadilisha mishipa midogo ya fizi na namna inavyoitikia ukoga. Nimeona fizi za wavutaji zilizopauka, ngumu, hazina hata tone la damu, na kifaa cha kupimia kikazama milimita 8. Kwa hiyo kwako wewe hasa, damu ni shahidi asiyeaminika. Kipimo cha kweli ni kile kifaa chembamba chenye alama za milimita, kikizungushwa sehemu sita za kila jino, pamoja na picha ya eksirei inayoonyesha kimo cha mfupa. Vidonge vyako havijapimwa na chochote kati ya hivyo viwili.

Usije ukadhani kwamba napinga wazo la kutibu fizi kwa kurekebisha kinga. Lina ushahidi, na mfano mzuri kuliko yote unatoka kwenye ugonjwa adimu wa kurithi ambao neutrofili za mgonjwa haziwezi kujishika kwenye ukuta wa mshipa zikatoka kuingia kwenye tishu. Watoto hao hupoteza meno mapema sana. Kwa miongo mingi vitabu vilieleza kwamba ni kwa sababu hakuna askari wa kuwazuia bakteria. Baadaye ikaonekana kwamba fizi zao zimejaa interlukini-17, kwa kuwa neutrofili zinazotakiwa kufika na kuuzima mwito hazifiki, na mwito unaendelea kulia. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani walichapisha habari ya mgonjwa mmoja wa aina hiyo aliyepewa ustekinumabu, dawa ya sindano inayotumika kwa ugonjwa wa ngozi wa soriasisi, inayozuia interlukini-12 na 23 zilizo nyuma ya interlukini-17. Uvimbe wa fizi zake ulipungua sana. Ninaupenda mfano huu kwa sababu uliwalazimisha waalimu wa fani yetu kuandika upya sura nzima. Lakini hali yake siyo yako, na dawa ile hakuna atakayekuandikia kwa mifuko ya milimita 6.

Mfano wa karibu zaidi ni doksisaiklini. Mwaka 1983 kundi la watafiti wa New York lilionyesha kwamba dawa za jamii ya tetrasaiklini huzuia vimeng'enya vinavyokata kolajeni, mbali kabisa na kazi yake ya kuua bakteria. Kutokana na hilo kikatengenezwa kidonge cha miligramu 20, dozi ndogo isiyoua bakteria, kikakubaliwa Marekani mwaka 1998 kitumike mara mbili kwa siku. Kiliruhusiwa kama nyongeza ya kukwanguliwa. Hata hivyo faida iliyoonekana ilikuwa ndogo, na mwongozo wa Ulaya wa 2020 unashauri kisitumike. Dawa hiyo ilijaribiwa kwa watu halisi, kwa miezi mingi, vipimo vikichukuliwa kwa milimita, na bado imeishia hapo. Ndiyo maana sikimbilii kuamini kisahani.

Kwa vitamini D na watu walio hai, tulicho nacho ni hiki. Uchambuzi wa takwimu za afya za Marekani uliochapishwa 2004 ulikuta kwamba watu wa miaka 50 na zaidi wenye 25(OH)D ya chini walikuwa na upotevu mkubwa zaidi wa kushikamana kwa ufizi na jino. Hilo ni jambo la kuandamana, haliwezi peke yake kusema kipi kilileta kipi: mtu anayetembea sana juani, anayekula vizuri na asiyevuta sigara ana vitamini D nzuri na fizi nzuri kwa sababu zinazojitegemea. Majaribio ya kuwapa watu vidonge pamoja na kusafishwa yapo, mengi madogo, na faida ya ziada iliyoonekana, pale ilipoonekana, ni ya sehemu ndogo ya milimita. Ninavyoona mimi, mwenye upungufu wa kweli, yaani chini ya nanogramu 20 kwa mililita, anastahili kurekebishwa kwa ajili ya mifupa yake yote, na fizi zikifaidika ni nyongeza. Asiye na upungufu sioni sababu ya kumpa. Kwako uamuzi huo utafanywa na daktari anayekutibu presha baada ya kuona kalsiamu na figo. Huenda akakupa dozi ndogo, huenda akabadilisha dawa ya presha kwanza. Na siku ya kubadilisha, mkumbushe kuhusu fizi zako, maana baadhi ya dawa za presha za kundi la nifedipini na amlodipini huweza kuzinenepesha fizi penye ukoga.

Kusafishwa, kwa upande wake, kuna rekodi inayojulikana. Kwa mifuko ya milimita 4 hadi 6, kina hupungua kwa milimita moja hivi kwa wastani, na yenye kina zaidi hupungua kwa mbili na kidogo. Wavutaji hupata pungufu ya hapo, lakini wanapata. Ganzi itakufanya usisikie maumivu wakati wa kazi. Baadaye meno yatasumbuliwa na vitu vya baridi kwa siku kadhaa au majuma, na fizi zikinywea yataonekana marefu kuliko ulivyozoea. Hilo la meno marefu huwaudhi watu kweli, ni bora ulijue kabla. Baada ya wiki sita hadi kumi na mbili utapimwa upya. Mifuko itakayobaki na milimita 6 na kuendelea ndiyo itakayojadiliwa kwa upasuaji mdogo, na kwa ile ya milimita 7 nakwambia mapema kwamba huenda ikawa mojawapo. Kisha yanafuata matunzo ya kila miezi mitatu au minne, kwa sababu bakteria hawa hurudi.

Kwa hiyo usiahirishe. Miezi ya kungoja vidonge vifanye kazi ni miezi ambayo osteoklasti hazipumziki, na mfupa ulioondoka kwa upana huwa haurudi. Ukienda, beba chupa ya vitamini D na majibu ya damu, umwambie daktari wa meno ulichokuwa unameza na kwa muda gani. Omba pia kupimwa sukari kama hujapimwa karibuni; kisukari kilichojificha huichochea hali hii ya fizi, nayo fizi zenye uvimbe huifanya sukari iwe ngumu kudhibiti. Katikati ya meno tumia vibrashi vidogo vinavyobana kidogo kwenye nafasi, kila siku, kabla ya kulala. Uzi unasaidia pale nafasi zilipo finyu, lakini kwako, penye mfupa uliopungua, vibrashi hufanya kazi bora.

Kabla ya tarehe ya miadi, mtafute daktari mapema ukiona jino linacheza zaidi ya jana, usaha ukitoka ukibonyeza ufizi, jipu, au meno ya mbele yakianza kuachana. Ukivimba chini ya taya au shingoni, ukapata homa, ukashindwa kufungua mdomo, au kumeza na kupumua kukawa shida, hiyo ni dharura ya hospitali, usiku au mchana.

Imebaki sigara. Kati ya yote unayoweza kufanya mwenyewe, kuacha kuvuta kutaisaidia mifuko hiyo kuliko kidonge chochote ulichosoma habari zake. Ila ujue mapema: majuma machache baada ya kuacha, fizi zinaweza kutoka damu zaidi ya zinavyotoka sasa, kwa sababu mishipa inaanza kuitikia ukoga kama ya mtu asiyevuta. Usiogope ukadhani umeharibu kitu, na usirudie vidonge vya IU 10,000 kwa ajili ya hilo. Endelea na vibrashi, umwambie anayekusafisha ni lini uliacha.